Kutoka Ukumbini hadi Barazani: Historia ya Mazungumzo ya Watazamaji wa Sinema katika Miji ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata nyaraka: hati za tenzi, barua za wafanyabiashara, sarufi za wamishenari, kumbukumbu za Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 na, baada ya uhuru, maamuzi ya vyombo vya ukuzaji wa lugha. Njia hiyo imezaa matunda mengi, na hakuna sababu ya kuibeza. Hata hivyo, ina upungufu mmoja ulio dhahiri. Hukipa nafasi finyu Kiswahili kilichosemwa na watu wakiwa katika starehe zao, wakati ambapo hakuna aliyewasahihisha wala aliyewaandika.

Mhadhara huu unachunguza sehemu moja ya Kiswahili hicho, yaani mazungumzo ya wakazi wa miji ya Afrika Mashariki kuhusu sinema walizozitazama. Miji inayozingatiwa zaidi ni Unguja, Dar es Salaam na Mombasa, na kipindi kinachohusika kinaanzia miaka ya 1920 hadi zama za kanda za video. Hoja inayotetewa ni kwamba, ingawa picha zenyewe zilitoka Bombay, Hollywood, Cairo na Hong Kong, na ingawa zilisema Kihindi, Kiingereza, Kiarabu na Kichina, utazamaji wake ulikuwa tukio la Kiswahili. Picha haikuishia ukumbini. Ilitoka na watazamaji, ikafika barazani, ikasimuliwa, ikabishaniwa, ikapimwa kwa methali na ikaacha maneno ambayo bado yanasemwa na watu wasiowahi kuona kumbi zile.

Suala hili si la kupitisha wakati. Watu waliozijaza kumbi hizo katika miaka ya 1950 ni wazee sana hivi sasa, na kila anapofariki mmoja wao hupotea ushahidi ambao hauwezi kupatikana katika jalada lolote.

2.0 Kumbi na Watazamaji Wake

Mwanzoni mwa karne ya 20 sinema iliwafikia watu wa pwani kwa njia ya maonyesho ya muda, kisha ikajengewa majumba ya kudumu. Katika mji wa Unguja, mfanyabiashara Hassanali Adamjee Jariwalla alifungua ukumbi wa Royal mwaka 1921. Mchoro wa jengo hilo ulikuwa wa J. H. Sinclair, mtumishi wa serikali ya Kiingereza ambaye alama za kazi yake zimeenea katika Mji Mkongwe. Jengo hilo lilipoungua, mahali pake pakajengwa Majestic, iliyofunguliwa mwaka 1955. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress na New Chox. Mombasa ikawa na Regal, Naaz na nyinginezo. Mwaka 1966 Dar es Salaam ilipata sinema ya wazi ya kutazamwa kutoka ndani ya magari, na familia zilizokuwa na gari, au zilizokuwa na jirani mwenye gari, ziliichukua kuwa matembezi ya jioni.

Wamiliki wengi wa kumbi hizi walikuwa Waafrika Mashariki wenye asili ya Kihindi. Jambo hilo linaeleza kwa nini filamu za Bombay zilifika mapema na kwa wingi. Halielezi, hata hivyo, kwa nini watazamaji wasio Wahindi walizipenda kiasi cha kupanga foleni na kununua tiketi kwa walanguzi pindi madirisha yalipofungwa. Mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake kuhusu sinema za mijini Tanzania kilichapishwa mwaka 2018, ameonyesha kwa ushahidi wa mahojiano mengi kwamba kwenda sinema lilikuwa jambo la mji mzima. Jumapili ilikuwa siku ya kuvaa, kutoka na kuonekana. Yalikuwapo pia maonyesho ya wanawake peke yao, na kwa wanawake wengi waliolelewa katika desturi ya kutawishwa, sinema ilikuwa mojawapo ya mahali pachache pa hadhara walipoweza kwenda kwa makundi pasipo lawama.

Ni lazima pia kutaja upande usiopendeza. Katika Kenya na Tanganyika bodi za ukaguzi za serikali ya kikoloni zilizipanga filamu kwa kuzingatia rangi ya mtazamaji, na zipo zilizoruhusiwa kwa Wazungu na Waasia lakini zikakatazwa kwa Waafrika. Watawala walihofia kuwa Mwafrika akimwona Mzungu akiiba, akilewa au akipigwa katika picha, heshima ya utawala ingepungua. Ukaguzi huo ni ushahidi wa aina yake: unaonyesha kuwa hata waliozuia picha walijua kuwa mtazamaji huondoka ukumbini na jambo la kusema.

3.0 Sinema ya Mafunzo na Sinema ya Starehe

Serikali ya kikoloni haikuridhika na kuzuia tu. Ilijaribu pia kutengeneza picha zake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema za elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara, chini ya usimamizi wa Meja L. A. Notcutt. Mradi ulitengeneza filamu fupi zipatazo 35 kuhusu kilimo, maradhi, kodi na uwekaji wa akiba. Sauti haikuwa ndani ya mkanda wenyewe, bali iliwekwa katika sahani za santuri, na kwa njia hiyo picha ileile iliweza kuambatanishwa na maelezo ya Kiswahili au ya lugha nyingine kulingana na mahali ilipoonyeshwa. Baadaye, magari ya sinema yalizunguka vijijini yakiwa na mfafanuzi aliyeshika kipaza sauti na kuwaeleza watu walichopaswa kukiona.

Katika miaka ya mwanzo ya 1950 zilitengenezwa Tanganyika filamu za kuigizwa kwa Kiswahili, na mojawapo, *Muhogo Mchungu*, ilimshirikisha kijana Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Ni jambo la kufaa kukumbukwa kwamba mmoja wa waigizaji wa mwanzo wa sinema ya Kiswahili alikuwa pia mmoja wa wajenzi wa taifa lililoifanya lugha hiyo kuwa ya serikali.

Tofauti iliyopo kati ya sinema ya mafunzo na sinema ya starehe inajitokeza katika lugha ya watazamaji. Sinema ya mafunzo ilikuja na maelezo yaliyokwisha kukamilika: mfafanuzi alisema, hadhira ikasikiliza. Sinema ya starehe ilikuja bila maelezo yoyote. Mtazamaji wa Unguja aliyetazama picha ya Kihindi pasipo kujua Kihindi alilazimika kuijengea maana mwenyewe, kwa kutumia nyuso, nyimbo, mavazi na minong'ono ya jirani. Pengo hilo la lugha, ambalo kwa mtazamo wa haraka lingeonekana kuwa kizuizi, ndilo lililoyazaa mazungumzo. Iliyoeleweka yote haina haja ya kujadiliwa.

4.0 Picha Ikiwa Hadithi: Masimulizi ya Barazani

Katika miji ya pwani, kusimulia picha kulikuwa sanaa inayojulikana. Aliyetazama alikuwa na deni kwa ambaye hakutazama, ama kwa kukosa fedha, ama kwa kukosa ruhusa ya wazazi, ama kwa kuwa kazini. Deni hilo lililipwa barazani, shuleni wakati wa mapumziko, au jikoni. Kwa hiyo, hadhira ya picha moja ilikuwa kubwa kuliko idadi ya tiketi zilizouzwa, na wako watu wanaozikumbuka vizuri filamu ambazo hawakuziona kwa macho yao.

Masimulizi hayo yalifuata kanuni za fasihi simulizi. Tuchukue mfano wa kubuni, uliotungwa kwa madhumuni ya uchambuzi tu: "Basi yule steringi huyo, huyo, huyo! Kufika mlangoni, kutazama hivi, adui kajificha. Akarudi nyuma hatua moja. Pu! Mlango chini." Katika sentensi hizi fupi zimo mbinu nne. Kwanza, kiashiria "huyo" kinarudiwarudiwa na kubeba jukumu la kitenzi cha mwendo. Pili, vitenzi "kufika" na "kutazama" havina kiambishi cha nafsi wala cha njeo, na ukosefu huo unakaza kasi ya tukio. Tatu, kiambishi -ka- kinaunganisha hatua moja na nyingine kama kinavyofanya katika ngano. Nne, tanakali sauti "pu" inachukua nafasi ya sentensi nzima. Hakuna hata moja kati ya mbinu hizi iliyotoka Bombay au Hollywood. Zote ni mali ya msimuliaji wa Kiswahili, na zilikuwapo kabla ya taa ya kwanza ya sinema kuwashwa.

Kilicho kipya ni namna mbinu hizo zilivyobebeshwa kazi mpya. Neno "hivi", likiandamana na mwendo wa mikono, lilitumika kueleza jinsi kamera ilivyoonyesha uso kwa karibu. Kimya kifupi kiliashiria kukatika kwa onyesho. Msimuliaji hodari hakusimulia kisa pekee. Alisimulia hata jinsi kilivyoonekana, na wakati mwingine jinsi watu ukumbini walivyopiga mbinja mkanda ulipokatika. Kwa lugha ya wanafasihi, aliyekuwa hadhira jioni aligeuka kuwa fanani asubuhi.

Hukumu za watazamaji nazo zilikuwa na msamiati wake. Picha huwa "kali", "tamu", au "imepooza". Sifa ya juu zaidi, hasa kwa wazee, ni kwamba picha "ina mafunzo". Wanafunzi wa fasihi wanaofundishwa madarasani kwamba sanaa huburudisha na kuelimisha watatambua kuwa baraza lilikuwa limekwisha kulifikia jambo hilo kwa maneno mawili tu: tamu na mafunzo. Picha tamu isiyo na mafunzo ilitazamwa na kusahauliwa. Yenye mafunzo lakini isiyo tamu ilionyeshwa bure na gari la serikali. Zilizokumbukwa ni zile zilizokuwa na yote mawili.

5.0 Methali Mahakamani: *Awara* na *Mother India*

Miongoni mwa picha zinazotajwa mara nyingi katika kumbukumbu za wazee wa Unguja na Mrima ni *Awara* ya mwaka 1951, iliyoongozwa na Raj Kapoor, ambaye pia aliigiza pamoja na Nargis. Kisa chake kinamhusu jaji anayeamini kwamba mwana wa mtu mwema huwa mwema na mwana wa mwizi huwa mwizi. Kwa imani hiyo, na kwa kumshuku mkewe aliyekuwa ametekwa na jambazi, jaji anamfukuza mke huyo akiwa mjamzito. Mtoto anazaliwa katika ufukara na kuingizwa katika wizi na jambazi yuleyule. Mwishoni kijana anasimama mahakamani, akitetewa na mwanasheria msichana anayempenda, mbele ya baba asiyemjua.

Mtazamaji wa Kiswahili hakuhitaji kufasiriwa imani ya jaji yule. Alikuwa nayo tayari kwa maneno machache: mtoto wa nyoka ni nyoka. Alikuwa pia na methali ya kuipinga: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa hakika, *Awara* inaweza kuelezwa kuwa ni kesi baina ya methali hizo mbili. Picha inaonyesha kwamba mtoto wa jaji anaweza kuwa mwizi endapo ulimwengu wa wezi ndio utakaomfunza, na kwamba kosa la kwanza lilitendwa na aliyetoa hukumu. Katika jamii ya Unguja ya miaka ya 1950, ambamo nasaba, asili na rangi vilikuwa mambo ya kisiasa yaliyopima nafasi ya mtu, swali hilo halikuwa la mbali. Mtu aliyesita kulisema waziwazi kwa kutaja ukoo wa jirani yake aliweza kulijadili kwa kumtaja jaji wa Bombay. Hiyo ni moja ya huduma kubwa ambazo hadithi ya kigeni huitendea jamii: huipa mahali pa kuzungumzia mambo yake yenyewe.

*Mother India* ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Mehboob Khan, ilizusha mjadala wa namna nyingine. Mama aliyewalea wanawe kwa jembe na machozi anampiga risasi mwanawe mwenyewe, aliyegeuka mhalifu na kumteka binti wa kijiji. Waswahili husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Je, methali hiyo inamhukumu mama yule au inamtetea? Anayeshikilia kwamba mzazi hawezi kumuua mwanawe anaisoma methali kwa upande wa huruma. Anayeshikilia kuwa mama alijua uchungu wa mama wa yule binti anaisoma kwa upande wa haki. Methali ni ileile. Picha imeilazimisha ionyeshe pande zake zote mbili. Mtafiti wa methali hupata hapa jambo ambalo mikusanyo ya methali haitoi, yaani methali ikiwa kazini.

Athari za filamu za Kihindi zilifika hata katika utungaji wa mashairi. Katika taarabu, hasa ya Mombasa, nyimbo nyingi zilitungwa kwa Kiswahili na kuimbwa kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alipata umaarufu mkubwa katika uwanja huo. Mtunzi wa nyimbo za namna hiyo alikabiliwa na tatizo la kiufundi. Shairi la Kiswahili lina mizani na vina vyake. Mahadhi ya filamu yana urefu wake. Ilibidi mishororo ifupishwe au irefushwe ili iufuate wimbo, huku vina vikihifadhiwa. Walioona mtindo huo kuwa uigaji mtupu hawakuipima kazi iliyofanyika. Sauti ilikopwa, lakini maneno, mafumbo na mipasho ilikuwa ya nyumbani.

6.0 Maneno Yaliyobaki

Mazungumzo ya watazamaji yameiachia lugha hazina ya msamiati inayoonyesha karibu njia zote za uundaji wa maneno. Neno "sinema" liliingia kwa urahisi kwa kuwa silabi zake zote ni wazi. "Filamu" lilihitaji kazi zaidi: irabu /a/ iliingizwa kuvunja mfuatano wa /l/ na /m/, na irabu /u/ ikawekwa mwishoni kwa sababu ya konsonanti ya midomo iliyotangulia, kama ilivyotokea katika "kilabu". "Mkanda" halikukopwa, ni neno la kale la kitu kirefu chembamba cha kufungia, lililopanuliwa maana likaitwa ukanda wa picha, kisha kaseti ya video, kisha picha yenyewe.

"Steringi" lina historia inayofurahisha. Katika mabango na mwanzoni mwa picha, jina la mwigizaji mkuu lilitanguliwa na neno la Kiingereza *starring*. Wasomaji wa mabango walilichukua kuwa cheo cha mtu huyo, wakalipa irabu ya mwisho kama walivyofanya kwa "shilingi", na kitenzi cha Kiingereza kikawa nomino ya Kiswahili yenye maana ya shujaa wa picha. Mpinzani wake hakuhitaji neno jipya, kwani "adui" lilikuwapo. Kutokana na neno hilo limezaliwa tamko maarufu: steringi hafi. Kisarufi ni sentensi fupi ya ukanushi wa wakati uliopo. Kimaana ni kanuni ya utanzu mzima wa filamu za mapambano, iliyogunduliwa na watoto bila msaada wa nadharia. Siku hizi tamko hilo hutumika pia kwa mzaha juu ya mtu anayeponyoka kila tatizo.

"Picha" nalo limefanya safari ya kisarufi. Likiwa na maana ya kawaida, lipo katika ngeli ya I-ZI: picha hii inapendeza. Hata hivyo, katika usimulizi wa mitaani husikika "picha linaanza", likitumiwa na msimuliaji anapofika mahali ambapo mambo yanachacha. Upatanisho wa li- umeleta ukubwa. Msikilizaji anajua mara moja kuwa hakuna picha ya kuchorwa wala ya kutundikwa ukutani. Kuna kisasa cha maisha kilichogeuka sinema. Vivyo hivyo, ugomvi wa hadharani huitwa "sinema ya bure", na kisa kilichojaa machozi na sadfa hufananishwa na picha ya Kihindi.

Mfano wa mwisho ni "rambo". Filamu za shujaa huyo zilianza mwaka 1982, na ile ya pili, ya mwaka 1985, ndiyo iliyoenea zaidi. Nchini Tanzania jina hilo lilihamia kwenye mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyokuwa imechapwa sura yake, hadi mtu akaweza kuomba rambo dukani pasipo kumfikiria mpiganaji yeyote. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Shujaa amesahauliwa na wengi, mfuko umeondolewa madukani, lakini neno lingali midomoni mwa watu. Ni nadra kwa mtaalamu wa leksikografia kupata neno ambalo tarehe za kuzaliwa kwa maana zake na za kufa kwa kirejelewa chake zinajulikana kwa uhakika kiasi hicho.

7.0 Kutoka Ukumbini hadi Kibanda Umiza

Kanda za video zilipoenea katika miaka ya 1980, kumbi kubwa zilianza kupungukiwa na watazamaji. Runinga, iliyokuwapo Zanzibar tangu mwaka 1973, ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na hatua hiyo ikaharakisha mwisho wa kumbi nyingi. Baadhi ziligeuzwa maduka, baadhi maghala, na baadhi nyumba za ibada. Kiwanja cha sinema ya magari ya Dar es Salaam kilijengwa ubalozi wa Marekani, uliofunguliwa mwaka 2003.

Utazamaji wa pamoja, hata hivyo, haukukoma. Ulihamia katika vibanda vya video, ambavyo watazamaji wa Tanzania waliviita "vibanda umiza", kwa jinsi mtu alivyobanwa kwenye benchi katika joto. Neno hilo linastahili kuangaliwa: ni nomino iliyofuatwa na shina la kitenzi, muundo uleule wa "chemsha bongo" ukiwa umegeuzwa mpangilio, na linaonyesha ucheshi wa watu wanaozitaja taabu zao kwa jina.

Ndani ya vibanda hivyo alizuka msanii mpya, mfasiri wa filamu. Nchini Tanzania aliyevuma zaidi alijulikana kwa jina la Lufufu. Nchini Kenya amevuma DJ Afro. Na nchini Uganda kazi hiyo hufanywa zaidi kwa Kiluganda. Mfasiri huyu hasemi tu maneno ya wahusika. Hueleza desturi za kigeni, huwataniatania wahusika, huwapa majina ya kwetu, na huwaonya watazamaji juu ya yanayokuja. Kwa sura ya nje anafanana na mfafanuzi wa gari la sinema la serikali ya kikoloni, lakini tofauti yao ni kubwa. Mfafanuzi wa serikali alitumwa kuizuia picha isieleweke vingine. Mfasiri wa kibandani anatokana na baraza: ni yuleyule msimuliaji wa picha wa miaka ya 1950, ila sasa anasimulia huku picha ikiendelea. Filamu za video za Kiswahili zilizoshamiri Tanzania baada ya *Girlfriend* ya mwaka 2003 zilikuta hadhira iliyokwisha kuzoea kusikia mashujaa wa sinema wakisema Kiswahili.

8.0 Thamani na Mipaka ya Kumbukumbu

Pingamizi moja halina budi kujibiwa. Je, kumbukumbu za starehe zinaweza kuwa ushahidi wa kihistoria? Anayeikumbuka sinema ya ujanani huikumbuka pamoja na ujana wake, na utamu wa mmoja humwagikia mwingine. Wazee husema kuwa zamani watu walivaa vizuri, walikaa kwa heshima na walilia pamoja. Ni mara chache husema kuwa wapo waliofukuzwa mlangoni, waliokosa senti za kuingilia, au waliozuiwa kwa rangi yao. Mtafiti atakayezichukua kumbukumbu hizo kuwa taarifa kamili ya mambo yalivyokuwa atapotoka.

Hata hivyo, kwa mwanaisimu kumbukumbu ina thamani ambayo haitegemei usahihi wa kila tukio. Mzee anaweza kukosea mwaka wa picha au jina la ukumbi. Hawezi kubuni papo hapo sarufi ya kusimulia picha. Anaposimulia kwa "huyo, huyo", kwa -ka- na kwa "pu", anaudhihirisha umbo la usimulizi alilojifunza kwa wengine. Maudhui ya kumbukumbu yanahitaji kuhakikiwa. Umbo lake ni ushahidi tosha. Kamusi nyingi zimetegemea zaidi matini zilizoandikwa, na maneno ya watazamaji hayakuandikwa. Kwa hiyo, kutokuonekana kwa neno katika maandishi ya miaka fulani hakuthibitishi kuwa halikusemwa.

9.0 Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza katika uchunguzi huu. Kwanza, wingi wa picha za kigeni haukuwafanya watazamaji kuwa wapokeaji wanyamavu. Uliwapa malighafi ya kusimulia na kubishana kwa lugha yao. Pili, msamiati wa sinema ulikua bila kamati, kwa njia zilezile ambazo wanaisimu huzieleza katika vitabu: utohoaji, upanuzi wa maana, uhamisho wa ngeli na uunganishaji. Tatu, mipaka iliyowekwa baina ya fasihi simulizi na vyombo vya kisasa ni dhaifu kuliko inavyofundishwa, kwani baraza liliipokea sinema kama lilivyokuwa likiipokea ngano.

Kazi iliyobaki ni ya vitendo, na muda wake ni mfupi. Kila mwanafunzi wa Kiswahili ana jamaa mzee ambaye amewahi kukaa katika ukumbi wa sinema au kusimuliwa picha na aliyekaa. Kinasa sauti ni kitu cha bei nafuu, na swali la kuanzia ni jepesi: ni picha gani uliyoipenda, na ilikuwaje? Atakayejibu ataanza na kisa, na kabla ya kufika mwisho atakuwa ametoa maneno, methali na sarufi ya mji mzima. Majengo ya Royal na Avalon yana wachoraji na wapiga picha wa kuyahifadhi. Maneno yaliyosemwa nje ya milango yake, watu walipokuwa wakirejea nyumbani usiku, hayana mhifadhi mwingine isipokuwa atakayekwenda kuyauliza.